Daftari la Wiki: Meza Yenye Koti la Mvua

Umeme umekatika mara ngapi wiki hii, mnajua wenyewe. Mimi ugomvi wangu ni na plastiki.

Ile inayouzwa kwa mita, iliyochapwa zabibu na matufaha (embe wala hulioni), inayotandikwa juu ya kitambaa cha meza ili kitambaa kisichafuke. Chini yake kuna kazi ya watu: kitambaa cheupe alichofuma mama au shangazi kwa kroshia, kikatiwa wanga, kikanyooshwa kwa pasi, kisha kikavalishwa koti la mvua ndani ya nyumba yenye bati zima. Mgeni akija, plastiki hutolewa. Akiaga tu, inarudi, na walionunua uzi wanaendelea kula juu ya zabibu za kuchora, viwiko vikinata.

Kisingizio ni mchuzi. Nakubali, manjano ni msumbufu: ukilikimbilia doa na sabuni ya mche linageuka jekundu, nawe unadhani umeua kitambaa. Hujaua. Ndiyo tabia ya manjano yakikutana na sabuni. Suuza, anika juani, doa litafifia lenyewe. Na watu wa pwani walishaimaliza kesi hii zamani: sinia la wali linawekwa juu ya kitanga cha ukindu, watu wanazunguka, wakishiba kitanga kinakung'utwa punje, kinafutwa, kinaangikwa ukutani. Kesho tena. Hakimsubiri mgeni.

Viti vya kumbi za harusi sasa vinavaa gauni na mkanda wa satini kiunoni. Bibi harusi ajihadhari.

Mgahawa mmoja umetandika kanga mezani. Vizuri sana, ila mpambaji hakusoma jina la kanga yenyewe. Nimekunywa chai nzima nikisutwa.

Tishu ya mezani iliyokatwa nusu, kisha nusu tena. Haya.

Jumatano tulikuwa msibani, mtaa wa pili. Meza ya daftari la rambirambi ilitandikwa kitambaa alichofuma marehemu mwenyewe. Kilikuwa kizuri mno, na mikunjo ya kabatini ilikuwa bado haijakaa sawa. Binti yake alisema hajawahi kukiona mezani.

Basi jamani, Jumapili hii itoeni hiyo plastiki, hata kama hamna mgeni. Mchuzi ukimwagika, jua lipo.