Kipya Kinyemi, Ila Injini Haijui Methali

Safari ya ndege ikiahirishwa Mwanza, habari hufika stendi ya Bariadi kabla ya abiria mwenyewe kurudi. Na hukumu huwa imeshapikwa: "Tuliuziwa mtumba." Ndege mpya haiharibiki, wanasema, ikitengenezwa leo, kesho ikalala tena kwa ugonjwa uleule, basi kuna mtu kala. Asipopatikana mlaji, linafuata lile la kujidharau: ndivyo tulivyo Waafrika, chetu hakidumu.

Yote mawili ni porojo.

Airbus A220-300 ya kwanza ya Air Tanzania ilitua Dar es Salaam Desemba 2018 ikitoka kiwandani, na shirika letu ndilo lililotangulia Afrika nzima kuirusha aina hiyo. Kufikia Novemba 2022 shirika lilikuwa likitangaza kwamba baadhi yake zimeegeshwa kwa matatizo ya injini, zile PW1524G za Pratt & Whitney ya Marekani. Sasa tazama wenzetu. Oktoba 2019 shirika la Swiss liliziteremsha chini ndege zake zote 29 za familia hiyo zikaguliwe, baada ya injini kuharibikia angani mara tatu ndani ya miezi michache. EgyptAir ilichoka kabisa. Mwaka 2024 ikaziuza zake zote 12. Waswisi nao walikula? Chao nacho hakidumu?

Injini hiyo ina gia inayoliacha feni kubwa la mbele lizunguke polepole huku mitambo ya ndani ikienda mbio. Hiyo ndiyo siri yake ya kunywa mafuta kidogo. Tatizo ni kwamba vyuma vya ndani vilichoka mapema kuliko mtengenezaji alivyoahidi. Injini ikishuka bawani inapelekwa nje ya nchi, inapanga foleni na za mashirika mengine, na za akiba hazitoshi. Ndege nzima, viti vinang'aa, imesimama uwanjani kama nyumba isiyo na paa.

Nadhani tunaipima ndege kwa macho ya basi. Nilikuwa nikitoka Lamadi siku moja, mpira wa rejeta ukapasuka. Kondakta akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akauzungushia mara nne, akaomba maji kwenye dumu la mama mmoja, tukaondoka huku abiria wakimshangilia. Tulisimama tena mara mbili kabla ya Bariadi, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu dereva bora kwetu ni yule anayefika. Angani hakuna pembeni pa kuegesha. Rubani huandika hitilafu kwenye kitabu cha ndege, fundi huweka sahihi kwamba ameishughulikia, na nyingine ni jeuri: ndege ikikaguliwa chini inakuwa nzima, ikipanda kwenye baridi ya juu hitilafu inarudi. Fundi anayekataa kusaini mara ya tatu ndiye wa kushangiliwa.

Simsafishi mtu. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwenye anga yake, na hilo halifutwi kwa kuwalaumu Wamarekani na injini zao. Tuulize, kwa sauti: mikataba ya ununuzi ilisema nini juu ya injini za akiba na fidia? Hilo ni swali la maana kuliko "nani kala", ingawa halinogeshi kijiwe.

Na mashirika yote yanayoruka Mwanza yajue abiria wao wanatoka wapi. Ujumbe wa kuahirisha safari ukitumwa saa nne usiku humkuta mtu wa Itilima kitandani kwake. Ukitumwa saa nne asubuhi humkuta njiani Magu, begi mapajani, nauli imeshakwenda.