Hasara ya fisi huanzia zizini

Mfugaji wa Kabwe, wilayani Nkasi, anapoamka na kukuta mbuzi wawili hawapo na damu imetapakaa zizini, wazo la kwanza linalomjia ni kuwasaka fisi. Hasira hiyo inaeleweka. Kwa mkulima mdogo wa Rukwa mbuzi ni akiba: ndiye ada ya shule, ndiye mbolea ya msimu, ndiye mtaji wa kununulia dagaa mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika. Huko juu, katika uwanda wa Ufipa, ndama akiliwa ni maksai wa kesho aliyepotea, na shamba litarudi kulimwa kwa jembe la mkono.

Hata hivyo, hesabu ikipigwa vizuri, sehemu kubwa ya hasara hii inazuilika kwa gharama ndogo kuliko msako.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu vijiji vya magharibi mwa Serengeti ulionyesha kuwa fisi ndiye aliyehusika na karibu asilimia 98 ya mifugo iliyouawa na wanyama wa porini. Tabia ya mnyama huyu inajulikana. Hutoka usiku, husukuma uzio palipolegea, huchimba chini yake, na hufuata harufu. Mizoga inayotupwa jirani na makazi na matumbo ya samaki yanayoachwa ovyo ni mwaliko kwake.

Wapo wanaotumia sumu. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na pia ni hasara. Sumu haichagui: huua mbwa wa mlinzi, huua tai wanaosafisha mizoga, na inaweza kumfikia mtoto. Nchini Uganda, Aprili 2018, simba 11 walikufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth ambayo huiingizia nchi fedha za watalii.

Hata kuua kwa wingi hakumalizi tatizo. Nchini Marekani, taasisi ya serikali huua makumi ya maelfu ya koyote, mnyama wa jamii ya mbweha, kila mwaka. Koyote bado wapo na kondoo bado wanaliwa.

Wengine husema fisi ametumwa na mchawi. Mkoa ambao jina la makao yake makuu, Sumbawanga, hufasiriwa kuwa ni "tupa uchawi" unapaswa kujihadhari na dhana hiyo. Jirani hutuhumiwa, ugomvi huzuka, na tundu la uzio hubaki pale pale likimsubiri fisi arudi.

Vipi kuhusu serikali? Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho na kifuta machozi. Wafugaji watambue kuwa hiyo si fidia ya bei ya sokoni. Aidha, hulipwa kwa madhara ya wanyama waliotajwa katika orodha tu, na si kila mla mifugo yumo. Mwenye hasara aripoti mapema kwa ofisa mtendaji wa kijiji, mabaki yakaguliwe kabla hayajaondolewa. Lakini asipange bajeti ya nyumba yake kwa kutegemea fedha hiyo.

Linalobaki ni zizi. Huko Simanjiro, mkoani Manyara, wafugaji wamepanda miti hai kuzunguka maboma na kuifunga wavu wa waya. Miti hiyo hukua badala ya kuliwa na mchwa. Asiye na fedha ya wavu anaweza kuanza na nguzo zilizobanana, miiba mizito, mawe yaliyopangwa chini ya uzio, na mlango imara, kwani mara nyingi mlango ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Mbuzi wahesabiwe kabla ya giza, mizoga ifukiwe, na mbwa alale karibu na zizi.

Majirani wakichangiana nguvu kazi, mazizi ya kitongoji kizima yanaweza kuimarishwa kabla ya masika. Mfugaji apige hesabu mwenyewe: bei ya mbuzi mmoja mnadani, na gharama ya kuimarisha zizi litakalowalinda kumi kwa miaka kadhaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.