Tuta la Reli na Baiskeli ya Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi, ukurasa huu kwa desturi husema juu ya mishahara na watu waliofukuzwa kazi. Leo tunazungumza juu ya kutembea kwa baiskeli katika msitu wa kisiwa kimoja cha Ulaya. Wako watakaouliza kama tumekosa la kuandika. Tunawaomba subira, maana jambo lenyewe ni letu kuliko linavyoonekana.

Wengi wetu tunaijua baiskeli kama chombo cha kazi. Asubuhi inatupeleka kiwandani, jioni inarudi na mkungu wa ndizi au gunia la mkaa kwenye keria. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndipo lilipozaliwa jina la boda boda, nalo lilikuwa la vijana wa baiskeli waliovusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, kabla ya pikipiki kulichukua. Lakini pamoja na kazi yote hiyo, barabarani baiskeli haina kwake. Lori likija nyuma na basi likija mbele, mwenye baiskeli ndiye anayetakiwa kurukia mtaroni. Asipowahi, tawi linapitisha daftari la mchango wa msiba. Basi mtu akituambia kwamba yako mahali ambako mfanyakazi huchukua likizo na watoto wake, wakaendesha baiskeli siku nzima kati ya vilima na miti bila kufukuzwa na honi, tunadhani anatutania.

Hatanii. Kisiwa hicho kinaitwa Bornholm. Ni cha Denmark, ingawa kiko karibu zaidi na Sweden. Feri kutoka bandari ya Ystad huchukua kama saa moja na dakika ishirini. Eneo lake ni kilomita za mraba 588. Katikati yake umetanda msitu wa Almindingen, na kilele chake, Rytterknægten, kina mita 162 juu ya bahari. Ndugu zetu wa Kabale na Bukavu watacheka kusikia mita 162 zikiitwa mlima. Wacheke, halafu wafunge hema, sufuria na nguo za wiki nzima juu ya baiskeli, wapande na kushuka tangu asubuhi, ndipo watusimulie.

Njia za baiskeli kisiwani humo zinapita kilomita 200. Si zote zisizo na gari. Ziko sehemu ambazo mnachangia barabara na wenye magari. Lakini msituni mtu hupita barabara za changarawe ambazo gari la matembezi haliruhusiwi kuingia. Na baadhi ya njia hizo zimepita juu ya tuta la reli ya zamani. Hapo ndipo tulipotaka kufika.

Reli ya Bornholm ilianza mwaka 1900, kutoka Rønne hadi Nexø, na baadaye ikatoa matawi, moja likipita Almindingen. Upana wake ulikuwa mita moja, sawasawa na reli yetu ya zamani ya kutoka Mombasa hadi Kampala. Kila mtu aliyefanya kazi relini anajua kwamba treni haipendi mlima. Garimoshi lililobeba mzigo likikuta mwinuko mkali, magurudumu yanateleza juu ya chuma. Kwa hiyo kilima hukatwa, bonde hujazwa, na pale pasipokatika njia huzungushwa polepole. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa sururu na koleo. Leo mama mwenye mtoto nyuma ya baiskeli anapanda katika nchi ya vilima na hata hatambui kwamba anapanda, kwa sababu jasho la mpando huo lilikwisha kumwagwa na wengine zaidi ya miaka mia iliyopita.

Msitu nao haukujiotea tu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Almindingen palikuwa malisho, miti imekwisha. Ofisa wa misitu Hans Rømer akazungushia ukuta wa mawe kuzuia mifugo, akapanda. Walipelekwa hata nyati wa Ulaya kutoka Poland mwaka 2012, na sasa watu huenda kuwatazama ndani ya uzio wao.

Tusieleweke vibaya. Hatushangilii reli kufungwa. Treni ya mwisho ya Bornholm ilipita mwaka 1968, mabasi na malori yakiwa yamekwisha kuinyang'anya abiria na mizigo, na reli ikifungwa wako wanaume na wanawake waliovua sare. Tunachosifu ni kwamba vyuma vilipong'olewa, tuta lenyewe halikuachwa lote lipotee. Linganisheni na ya kwetu. Reli ya magharibi ya Uganda ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Treni zake zilikoma katika miaka ya 1990, na tuta likaachiwa majani, mashamba na wauza vyuma chakavu. Rai yetu ya kwanza ni treni zirudi, na jambo hilo linawezekana: Arusha ilipata tena treni ya abiria mwaka 2020, baada ya zaidi ya miaka 30. Lakini pale ambapo treni haitarajiwi karibuni, kuna ubaya gani watoto wa shule na wafanyakazi kupita hapo kwa baiskeli, mbali na malori? Tuta linalotumika hulindwa. Likiachwa bure, siku treni ikitaka kurudi itakuta nyumba ya mtu.

Sasa tuje kwenye likizo, maana njia nzuri bila siku za kuipita haimfai mfanyakazi. Denmark ilipitisha sheria ya likizo yenye malipo mwaka 1938, wiki mbili kwa mwaka. Mwaka huo huo vyama vya wafanyakazi vikaanzisha shirika lao la likizo, Dansk Folke-Ferie, ili familia ya mfanyakazi ipate pa kulala kwa bei inayomuduka. Waliona mapema kwamba siku za kupumzika zisizo na pa kwenda huishia jikoni. Leo sheria yao inatoa wiki tano.

Nasi tunazo sheria. Ya Uganda ya mwaka 2006 inatoa siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka. Ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa siku 28. Karatasini tuko vizuri. Lakini ni wangapi katika tawi lako waliokwenda likizo mwaka jana? Wengi huiuza. Mwajiri anasema kazi ni nyingi, anatoa fedha kidogo, na sisi wenye ada za shule shingoni tunatia sahihi. Hatuwalaumu waliouza, sisi wenyewe tumewahi kuuza. Tunasema tu kwamba mtu aliyeuza likizo miaka kumi mfululizo ameuza kiasi cha miezi saba ya maisha yake.

Wako pia wanachama wanaotuambia kwamba baiskeli ni alama ya umaskini, na kwamba chama kipiganie mikopo ya magari. Mikopo ipiganiwe. Lakini wale wanaopanda Rytterknægten kwa miguu yao, wengine wameacha magari yao nyumbani. Aibu haimo katika baiskeli. Imo katika barabara iliyojengwa kana kwamba mwenye baiskeli hayupo.

Matawi yanayokwenda kujadili mikataba mwaka huu yapeleke mambo mawili. La kwanza, tarehe za likizo ziandikwe mapema na kubandikwa ukutani, kila mtu aone yake. La pili ni dogo, na hatuoni aibu kulitaja. Katika kiwanda kimoja tunachokijua, magari ya wakubwa yamejengewa paa la mabati. Baiskeli zimeegemezwa kwenye ua, mvua zao, jua lao. Paa hilo lirefushwe.