Vijidudu Vinavyokula Mawe



Siku hizi neno "safi" linauzwa sana. Betri ni safi, gari la umeme ni safi, na sasa kampuni za bioteknolojia zinaahidi kutoa metali katika mawe kwa msaada wa vijidudu badala ya moto wa tanuru. Sisi tuishio Kolwezi, juu ya shaba na kobalti inayotafutwa na dunia nzima, yatupasa kuipima ahadi hiyo kwa utulivu, bila kuishangilia wala kuidharau.

Mfano uko karibu, nchini Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, uliacha huko Kasese lundo la pirite la takriban tani milioni moja. Mvua iliponyesha, tindikali na metali zilitiririka kuelekea Mbuga ya Queen Elizabeth, zikiua majani njiani. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kulitumia lundo hilo. Katika matangi makubwa yaliyopulizwa hewa, bakteria ambao riziki yao ni chuma na salfa waliivunja pirite, na kobalti iliyofungwa ndani yake ikayeyuka majini. Chokaa ilituliza tindikali. Hivyo takataka iliyoachwa na wazee ikawa mali na kazi kwa watoto wao.

Lakini zingatieni jambo moja. Bakteria wa aina hiyo hiyo ndio wanaozalisha tindikali katika lundo lililoachwa mvuani. Kiumbe ni kile kile. Ndani ya tangi ni mtumishi, nje ni mharibifu. Kilichotofautisha ni ukuta, chokaa na mtu aliyepima kila siku. Kwa hiyo usafi haumo katika kijidudu wala katika jina la kampuni, bali katika uangalizi.

Je, twaweza kuwaiga? Kwa sehemu tu. Mawe mengi ya karibu na uso wa ardhi yetu ni oksidi, kama heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Halina salfa, basi bakteria wa Kasese wasingepata chakula humo; ndiyo maana viwanda huliyeyusha kwa asidi ya sulfuriki. Chini zaidi yamo madini yenye salfa, na huko elimu hii ina nafasi.

Wako watakaosema kwamba mwenye njaa haulizi habari za maji, huuliza kazi. Nawajibu kwamba mvuvi wa Lualaba na mama anayelima bustani kando ya kijito nao wana kazi, na kazi yao hufa pamoja na maji.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaidai kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Naona sehemu ya fedha hizo ingenunua vifaa vya kupimia maji katika shule zetu, na kuwasomesha vijana kemia na biolojia. Katika mkutano wenu ujao jadilini hili: katika mtaa wenu, maji ya kiwanda huishia wapi, nani huyapima, na majibu husomwa mbele ya nani?