Ukisifu Bunduki, Mtaje na Aliyepigwa

Ijumaa iliyopita baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimeketi barazani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na vijana watatu. Mmoja wao ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu, aliyerudi likizo kutoka Maskati. Huko amefanya kazi miaka saba, na pamoja na mshahara amepata mapenzi ya kulenga shabaha na kulala jangwani siku za mapumziko. Wenzake wawili ni wa hapa hapa, nao wana vibali vya serikali na huenda kwenye kiwanja cha shabaha kila wapatapo nafasi.

Kahawa ilikuwa ikizunguka na tende zake, na maneno yalikuwa ni ya bunduki tu. Huyu asema kasiba ndefu ndiyo ipelekayo risasi sawasawa. Yule asema bunduki nzito humchosha mtu kabla hajafika aendako. Walipoziacha bunduki waliingia kwenye darubini za kulengea, kisha viatu, kisha mahema, kurunzi na visu. Kila mmoja alijua bei ya kitu, uzito wake na masafa yake kama mwanachuo ajuavyo juzuu ya amma.

Pembeni alikuwapo mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu wa miaka themanini hivi. Ujanani alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji wageni, akizunguka nao tangu Voi hata mto Tana, mpaka kazi hiyo ilipofungwa. Alisikiliza bila ya kusema neno, akanywa kahawa yake, kisha akauliza: "Wanangu, bunduki zenu zote nimezisikia. Sasa nambieni, mnyama akipigwa asife, akaingia kichakani, ni nani kati yenu atakayemfuata?"

Vijana walinyamaza. Mpwa wangu akacheka kidogo, akasema, "Babu, sisi twapiga vibao tu."

Mzee akamjibu, "Hata kibao, mwanangu, kina nyuma yake."

Neno hilo limekaa nami juma zima, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Kwanza niseme wazi kwamba sina nia ya kuwacheka vijana. Kupenda chombo kizuri si dhambi, wala si jambo la jana. Babu zetu wa pwani hii walizijua bunduki na wakazipanga kwa majina. Walikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Bunduki ya fataki. Na mwisho bunduki ya viasi, iliyotiwa risasi kwa nyuma. Hapana shaka nao walikaa barazani wakashindana ipi bora. Hata jina lenyewe, bunduki, latokana na Kiarabu, bunduq, ambalo maana yake ni tunda dogo lenye ganda gumu, tena ni kile kidonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde kabla ya baruti kujulikana. Na risasi ni ile madini nzito iliyoyeyushwa ikafanywa kidonge.

Basi mabishano ni ya zamani. Hebu tuutazame ule ubishi ambao wapenda bunduki hawajaumaliza kwa zaidi ya miaka mia. Alikuwako mtu wa Scotland, W. D. M. Bell, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufa mwaka 1954, ambaye wenzake walimwita Karamojo kwa sababu ya safari zake za Karamoja, Uganda. Zama hizo wawindaji wa ndovu walishika bunduki za kasiba mbili, zenye risasi nene hata kufika milimita 15, na uzito wa kumwinamisha mbebaji. Bell alikwenda na Mauser nyepesi ya milimita 7, akaua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki hiyo ndogo. Mpaka leo wako wanaotumia habari zake kusema kwamba risasi ndogo yatosha, na wako wanaosema kwamba mtu mwengine akijaribu vile atakwenda kuzikwa.

Lakini wabishi hao mara nyingi huliruka jambo moja. Bell alichukua kichwa cha ndovu, akakipasua kwa msumeno, ili ajue bongo la mnyama limekaa wapi hasa. Kabla ya kutafuta bunduki alitafuta maarifa. Huo ndio ufundi wake, nami sikatai kwamba ni ufundi. Naam, lakini ndovu elfu moja ni wengi, na pembe zao ziliuzwa. Na sisi wa pwani tusijitoe katika hesabu hiyo. Misafara ya pembe ilikuwa ikitoka katika miji yetu zamani kabla ya Bell kuzaliwa, na majahazi yaliyozichukua yalitweka matanga mbele ya macho yetu.

Tuje kwa mwengine, aliyeshukia hapa hapa bandarini petu. Tarehe 21 Aprili, 1909, aliwasili Mombasa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, pamoja na mwanawe Kermit. Vifaa vyake hutajwa hata leo na wapenzi wa mambo hayo: Springfield ya jeshi la kwao, Winchester aliyoipenda kwa simba, na Holland & Holland ya kasiba mbili aliyopewa zawadi na Waingereza. Alikuja na tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi, na maktaba ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi, ambayo peke yake ilikuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Safari ilipokwisha mwaka 1910, baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512, wakiwamo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Wengi walipelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, na elimu ilipata faida yake.

Bunduki zile tatu nimeweza kukutajieni kwa majina yake. Wapagazi walikuwa kama 200. Je, tungeweza kukaa barazani tukawataja hata kumi? Mizigo ile ilikwenda juu ya vichwa vya watu, na kila kifaa kilichosifiwa kitabuni kilikuwa na shingo iliyokibeba. Mzee wetu yule alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo katika siku za mwisho za kazi ile. Aijua bunduki kwa uzito wake begani, na kichaka kwa hofu yake, kwa kuwa katika desturi ya wawindaji wa Kenya mnyama aliyejeruhiwa hakuachwa. Ilikuwa lazima afuatwe mpaka apatikane, na mbeba bunduki alikuwa humo kichakani pamoja na bwana wake.

Wako na wengine ambao chombo chao kiliwabadilisha jina. Nyuma ya Malindi, kuelekea Tsavo, wanakaa Waata, ambao wengi tumewazoea kwa jina la Waliangulu. Upinde wao mkubwa ulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili mia kuuvuta, na kwa mshale wenye sumu ya mti waliangusha ndovu. Mtu wao alimsogelea mnyama kwa miguu mpaka akasikia pumzi zake. Katika miaka ya 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliendesha msako mkubwa Tsavo, wengi wao wakafungwa. Mgeni mwenye leseni, hema na bunduki ya thamani aliitwa mwindaji. Mwenyeji mwenye upinde aliitwa jangili. Sisemi kwamba Waata hawakuua ndovu wengi, wala kwamba hawakuuza pembe. Nasema tu kwamba tunapotazama vifaa kuliko kitendo, hata hukumu yetu hupinda.

Mwisho wa yote tunaujua. Mnamo Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe, na Machi 1978 biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine ikafungwa. Hata hivyo majangili wenye bunduki za vita waliendelea. Ndovu waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973 walibaki kama 16,000 mwaka 1989, mwaka ambao Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe mjini Nairobi. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280. Wameongezeka, alhamdulillahi, lakini tazameni walikotoka.

Sasa nitawapeni habari yangu mwenyewe, ambayo si ya kujivunia. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Ami yangu alikuwa na bunduki ya upepo, nami niliiba fursa akiwa usingizini, nikapanda darini na mwenzangu. Tulishindana nani atafika mbali zaidi. Juu ya mkungu wa jirani alitua ninga, nikamlenga, nikampiga. Alianguka nyuma ya ukuta akipapatika. Tulishangilia ile shabaha, tukapima masafa kwa hatua, kisha tukaenda kucheza mpira.

Habari zilimfika mwalimu wangu wa chuo kabla ya magharibi. Hakunichapa. Aliniuliza neno moja tu: "Yuko wapi?" Sikuwa na jawabu. Akanipeleka nikamtafute, nami nikamtafuta mpaka kiza kikaingia. Nilimpata amekufa chini ya matawi makavu, macho yake yakiwa na wadudu. Mwalimu akanambia kwamba ndege aliyekufa kwa kipigo cha kidonge, asikutwe hai akachinjwa, haliwi. "Umemuua," akasema, "na hana faida kwa yeyote." Nikamzika kwa mikono yangu. Leo nina zaidi ya miaka hamsini, na bado namkumbuka ndege yule kuliko vitu vingi nilivyovipata baadaye.

Sote tuliopita chuoni tulifundishwa kwamba mawindo yana adabu zake: jina la Mwenyezi Mungu hutajwa, kiumbe mwenye roho hafanywi kibao cha mchezo, na silaha haielekezwi kwa nduguyo hata kwa mzaha. Na katika sura ya Al-Maida mawindo yanayofikiwa na mikono na mikuki yametajwa kuwa ni mtihani kwa walioamini. Aya hiyo yahusu mahujaji waliomo katika ihramu, lakini mimi huona ndani yake funzo kwa kila mwenye silaha. Mtihani umo katika kule kufikiwa. Aliyekuwa na mkuki alifikia hatua chache, na mtihani wake ulikuwa wa hatua hizo. Wewe mwenye darubini na risasi iendayo zaidi ya kilomita, mkono wako umerefuka kiasi gani? Basi na dhima yako imerefuka kiasi hicho hicho.

Hili ndilo ninalotaka vijana wetu waliingize katika mazungumzo yao. Shindaneni kwa kasiba na viatu mkitaka, lakini mkimaliza, ulizaneni pia: bunduki hii usiku hulala wapi, na ufunguo wa sanduku lake anao nani? Watoto wa nyumba hiyo ni wangapi? Risasi hukaa mbali nayo, au zimo ndani yake? Nyuma ya kile kibao pana kilima cha mchanga, au pana njia ya wachunga mbuzi? Na kwa wale wanaopenda kufyatua risasi hewani siku ya arusi, ulizaneni risasi ile huangukia juu ya paa la nani. Aliyepanda juu, mngoje chini. Na risasi nayo ni vivyo hivyo.

Mpwa wangu amerudi Maskati juzi. Kabla ya kupanda ndege alikwenda kumuaga yule mzee. Sikuwapo, lakini naambiwa walikaa saa nzima, na kwamba kijana hakumuuliza habari za bunduki. Alimuuliza habari za kichaka. Nami namsindikiza kwa ubeti huu:

Chombo chako kiwe bora, kilonunuliwa ghali,
Macho yako yawe dira, yaonayo kitu mbali,
Kwanza ushike subira, ujiulize suali:
Ukishatia madhara, ni nani wa kukabili?