Zana za Hesabu Zisihame na Mtumishi

Mkoa wa Songwe una msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, unaoanza kwa kawaida mwezi Novemba na kwisha Aprili. Mkulima wa Mbozi au wa Momba akidanganywa na manyunyu ya mwanzo akapanda mahindi, kisha jua likawaka majuma mawili mfululizo, mbegu huharibika ardhini, na mwaka huo hana msimu mwingine wa kufidia hasara. Ndiyo kusema swali la lini mvua zimeanza kweli kweli si swali la kupitishia wakati maofisini. Ni swali la chakula cha nyumba na ada ya shule.

Swali hilo lina hesabu yake. Wataalamu huchukua vipimo vya mvua vya kila siku kwa miaka thelathini au zaidi, wakatafuta kwa kila mwaka tarehe ambayo mvua zilianza. Kanuni mojawapo husema kwamba mwanzo wa mvua ni siku ambayo mvua iliyokusanyika kwa siku tatu imefikia milimita 20, na katika siku 30 zifuatazo hapakutokea ukavu wa siku kumi mfululizo. Mtu mwenye kalamu na karatasi atahangaika na hesabu hiyo mwezi mzima. Kompyuta huimaliza kabla chai haijapoa, madhali imepewa maagizo sahihi. Maagizo hayo ndiyo programu, nayo haijiandiki yenyewe. Huandikwa na mtu.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Si jambo geni katika ofisi za umma, mikoani na wilayani, kumwona kijana mtaalamu aliyetoka chuoni akiandika programu ya namna hiyo kwa bidii yake mwenyewe, usiku, baada ya saa za kazi. Programu hufanya kazi, majedwali hutoka, wakubwa humsifu. Kisha huja barua ya uhamisho. Kijana huondoka na kompyuta yake, au huiacha kompyuta na kuondoka na maarifa yake, jambo ambalo matokeo yake ni yale yale. Mrithi wake hukuta mafaili kumi yenye majina yanayofanana, na ndani yake hakuna hata sentensi moja ya maelezo. Akijaribu kuyaendesha, programu humwambia kwamba haioni folda iliyokuwa kwenye mashine ya yule aliyehama. Mwisho wake huanza upya. Umma umelipia kazi moja mara mbili.

Hasara ya fedha bado si kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ni kwamba hesabu mpya hutoa jibu jipya. Katika majedwali mengi ya mvua, siku ambayo kipimo hakikusomwa huandikwa alama kama -99 au -999. Programu isiyoelezwa maana ya alama hiyo huijumlisha kama kwamba ni mvua. Programu iliyoelezwa vibaya huigeuza kuwa sifuri, yaani siku ya jua, hata kama mvua ilinyesha ikazoa madaraja. Tena, mtaalamu wa kwanza aliandika milimita 20 katika kanuni yake, na wa pili ameandika 25. Hakuna aliyesema uongo, lakini bwana shamba ana tarehe mbili mkononi na hajui sababu ya kutofautiana kwake. Mkulima akishindwa kuiamini ofisi, hana wa kulaumiwa.

Taifa hili lina kumbukumbu chungu ya mambo ya namna hii. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mpango wa kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta kuvurugika, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mashine zilikuwapo, kilichokosekana ni wananchi wa kutosha wanaojua undani wa kazi zake, kwa hiyo mambo yaliwategemea mno wageni. Leo marufuku hiyo ni historia, na kompyuta zimefika hadi katika zahanati na shule. Lakini lazima ieleweke kwamba kumtegemea Mtanzania mmoja ambaye hakuandika maelezo ya kazi yake hakutofautiani sana na kumtegemea mgeni mmoja anayekaribia kupanda ndege.

Dawa ya ugonjwa huu inajulikana, tena haihitaji mkopo. Wataalamu wa kompyuta huiita sanduku la zana. Maana yake inaonekana vizuri katika magereji ya Tunduma, ambako malori yaendayo Zambia na Kongo hutengenezwa mchana na usiku. Spana ya fundi imechongwa namba: 17, 19, 24. Fundi yeyote, awe wa Tunduma au wa Nakonde, huiokota spana hiyo na kujua papo hapo inafungua nati ipi, bila ya kumtafuta mwenyewe amuulize. Zana isiyo na namba, ambayo inajulikana kwa mwenyewe tu, ni pambo. Vivyo hivyo programu: huwa zana siku ile mtu mwingine anapoweza kuitumia pasipo mwandishi wake kuwapo.

Fikra hiyo ina umri mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Profesa Cleve Moler wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alitengeneza programu ya MATLAB ili wanafunzi wake waweze kutumia maktaba kubwa za hesabu bila kulazimika kujifunza kwanza lugha ngumu ya Fortran. Mwaka 1984 ikawa biashara ya kampuni, na masanduku ya zana ya fani mbalimbali yakaongezwa juu yake. Tangu mwaka 2014 programu hiyo inamwezesha mtumiaji kufunga kazi yake yote katika faili moja, ambalo mwenzake hulibofya na likajipanga lenyewe mahali pake. MATLAB hulipiwa leseni, na ofisi nyingi za wilaya haziwezi kumudu gharama hiyo. Lakini zipo Octave, inayoelewa sehemu kubwa ya lugha ya MATLAB, na R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Zote mbili hazilipiwi hata senti, na zote mbili zina utaratibu wao wa vifurushi.

Wala mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo, baada ya Ethiopia, kuingia katika mpango wa ENACTS, unaoziunganisha taasisi za hali ya hewa za Afrika na taasisi ya IRI ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Shabaha yake ni kuziba mapengo ya vipimo. Vituo vya kupimia mvua ni vichache na vimetawanyika. Satelaiti huona kila mahali, lakini hukosea kiasi. Ukiviunganisha viwili hivi kwa hesabu iliyo sawa, hupatikana picha ya mvua hata kwa bonde lisilokuwa na kituo. Programu ya kazi hiyo, iitwayo CDT, imefungwa kama kifurushi cha R na hutolewa bure. Ina sehemu za kukagua makosa ya vipimo, kujaza siku zilizokosekana na kukokotoa mwanzo na mwisho wa msimu. Nako Kenya, taasisi ya African Maths Initiative na washirika wake wametengeneza R-Instat, inayomwezesha hata asiyejua kuandika msimbo kufanya hesabu za mvua kwa kubofya. Mtaalamu wa nchi moja akigundua kosa katika zana kama hizi, hulisahihisha kwa faida ya wote.

Kifurushi kizuri kina mambo machache, na kila moja lina sababu yake. Lazima kiwe na faili fupi linalotaja jina lake, mwandishi, tarehe, toleo, na programu nyingine kinazozitegemea. Lazima zana zake ziwe na majina yasiyogongana na ya wengine, kwani zana mbili zenye jina moja la "wastani" zikikutana katika mashine moja, moja huifunika nyingine kimya kimya. Namba kama milimita 20 au siku kumi zisizikwe ndani ya msimbo, bali ziachwe mahali ambapo mtumiaji anaweza kuziona na kuzibadili, maana nyanda za juu za Mbozi na bonde la Ziwa Rukwa havina mvua ya aina moja. Pawe na mfano uliofanyiwa kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Na pawe na majaribio: jedwali dogo ambalo jibu lake limekwisha kukokotolewa kwa mkono, ili kila mara msimbo unapoguswa ijulikane kama bado unasema kweli.

Namba ya toleo nayo si urembo. Ripoti iliyotolewa Vwawa kwa toleo la 1.2 haiwezi kulinganishwa ovyo na ya toleo la 2.0, ikiwa katikati yake kanuni ilibadilishwa. Kadhalika leseni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta. Kwa hiyo msimbo uliotolewa bila leseni unamwacha mpokeaji gizani, asijue kama ameruhusiwa kuutumia, kuurekebisha au kumpa jirani. Mstari mmoja wa leseni huondoa giza hilo.

Wananchi wa Tunduma hawana haja ya kufundishwa faida ya kufuata kipimo kimoja. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na za kusini. Ndiyo maana behewa huvuka Tunduma likaingia Nakonde bila ya kushusha mzigo. Lakini Kidatu, mahali reli hiyo inapokutana na tawi la Reli ya Kati lenye upana wa milimita 1,000, mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Kila programu inayoandikwa bila kufuata utaratibu wa vifurushi inajenga Kidatu nyingine, na makuli wa kuhamisha mzigo huo ni watumishi wa umma.

Wapo watakaouliza mwandishi atabakiwa na nini akiigawa kazi yake. Jibu ni kwamba jina lake hubaki ndani ya kifurushi, na husomwa na kila anayekifungua, ilhali kazi iliyofungiwa kabatini haimtaji mtu. Wapo pia watakaohofia siri. Hofu hiyo ina msingi, lakini imewekwa mahali pasipo pake. Kinachogawanywa ni zana, si takwimu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 lazima iheshimiwe, na majedwali ya wagonjwa au walipa kodi hayana nafasi katika kifurushi hata kama mfano. Na wapo watakaosema hapana muda. Hao ndio wanaostahili kujibiwa kwa ukali zaidi, maana muda unaokosekana wa kuandika kurasa tano za maelezo ndio unaopatikana baadaye, mara tatu yake, wa kuandika programu nzima upya.

Lakini haitoshi kuwahimiza vijana peke yao. Mkuu wa idara anayempima mtumishi kwa majedwali aliyotoa tu, asiulize kama zana iliyoyatoa imebaki ofisini, ndiye anayeulea ugonjwa huu. Mtumishi anapohama hukabidhi funguo za gari, mihuri na majalada, tena kwa sahihi. Programu iingizwe katika orodha hiyo hiyo. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu na sheria ya mwaka 2019, ina nafasi ya kuweka mahali pamoja pa kuhifadhi zana za hesabu za ofisi zote, ili iliyoandikwa Songwe ionekane Rukwa na Katavi. Vyuo vikuu, kuanzia Dar es Salaam hadi kile cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kilicho jirani, visikubali kazi ya mwisho ya mwanafunzi wa kompyuta isiyoweza kufungwa na kuendeshwa na mwenzake. Na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu atakayeyasoma ni bwana shamba wa kata.

Kipimo cha mafanikio ni rahisi. Apewe kifurushi hicho mtumishi mgeni, kwenye kompyuta ngeni, saa mbili asubuhi, bila ya simu kwa mwandishi. Ikiwa kufika saa nne amepata tarehe zile zile alizozipata aliyemtangulia, kazi imefanyika. Ikiwa hakupata, kazi bado, hata kama majedwali yalipendeza namna gani.

Novemba huja kila mwaka, na mvua haimngojei mtumishi mpya ajifunze upya yale ambayo ofisi yake iliyajua mwaka jana. Kila mtaalamu mwenye programu inayotumiwa na umma na aifunge vizuri, aiandikie maelezo na kuiweka mahali wenzake wataiona, kabla barua ya uhamisho haijamfikia.