Sheria ya Musa na Adhabu ya Kifo

Tarehe 13 Machi 2024 Waziri wa Haki wa nchi yetu alitoa waraka unaoruhusu hukumu ya kifo itekelezwe tena. Tangu mwaka 2003 makorti yalikuwa yakiendelea kutoa hukumu hiyo, lakini waliohukumiwa walibaki kifungoni bila kuuawa. Sasa Serikali yataja hasa uhaini katika vita vya mashariki, na ujambazi wa mijini unaomwaga damu ya raia. Hapa Kalima, kama kwingineko Maniema, wako wakristu wanaosema: "Mungu mwenyewe alimwamuru Musa kwamba mwuaji auawe. Kanisa lapata wapi ruhusa ya kukataa?" Juma hili tutalijibu swali hilo.

Kwanza, tusimdharau anayeuliza. Mtu ambaye baba yake ameuawa kwa panga hawezi kuambiwa tu anyamaze. Kilio chake ni cha haki. Wala tusifiche ukweli: kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chaamuru kwamba aliyeua kwa kusudi auawe. Mtume Paulo naye, katika sura ya 13 ya barua kwa Warumi, anena juu ya upanga wa mtawala. Tena Kanisa, kwa karne nyingi, halikuikataza adhabu hiyo.

Lakini anayetaka kuongozwa na Sheria ya Musa, yampasa kuisoma yote, asichague kama mtu achaguaye vipande vya nyama chunguni. Sheria ile ile iliamuru kifo kwa aliyempiga baba yake au mama yake, kwa mwana mkaidi, kwa wazinzi wote wawili, na kwa aliyefanya kazi siku ya Sabato. Kitabu cha Hesabu, sura ya 15, chasimulia habari ya mtu aliyepigwa mawe akafa kwa sababu ya kuokota kuni siku hiyo. Je, yuko mzazi kati yetu atakaye mwanawe mkaidi apelekwe mbele ya wazee wa mji, auawe? Hayuko. Basi sisi sote tumekwisha kukubali, hata bila kusema, kwamba adhabu zile zilipewa taifa la Israeli kwa wakati wake. Ndivyo alivyofundisha Mtakatifu Tomaso wa Akwino: amri za maadili zadumu, bali amri za hukumu zilikoma kwa kuja kwake Kristu. Tomaso mwenyewe hakuikataa adhabu ya kifo. Lakini hakusema kwamba twafungwa nayo kwa sababu Musa aliiandika.

Je, sheria ile haina la kutufundisha leo? Inalo, tena ni kubwa. Kabla ya Musa, Lameki alijisifu kwamba amemwua mtu kwa ajili ya jeraha tu, na kwamba atalipizwa kisasi mara 77. Sheria ilikuja kukiwekea kisasi mpaka: jicho moja kwa jicho moja, wala si ukoo mzima kwa jicho moja. Tena iliagiza, katika Kumbukumbu la Torati, kwamba mtu asiuawe kwa neno la shahidi mmoja, ila kwa mashahidi wawili au watatu. Kwamba mashahidi hao ndio watangulie kurusha mawe. Na kwamba shahidi wa uongo apewe adhabu ile ile aliyotaka kumtwisha mwenzake. Israeli ilitenga pia miji 6 ya makimbilio, ili aliyeua bila kukusudia asiuawe na wenye hasira kabla ya kusikilizwa.

Kumbukeni habari ya Suzana, katika kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wazee wawili wenye heshima walimshitaki, na mkutano wote ukawaamini. Alikuwa akipelekwa kuuawa, ndipo kijana Danieli alipowatenga wazee wale na kumwuliza kila mmoja peke yake: ni chini ya mti gani? Mmoja alitaja mti huu, mwingine mti ule, na uongo ukafunuliwa. Mchimbaji wa bati huosha mchanga wake polepole kabla ya kusema hili ni jiwe na hili ni taka. Je, uhai wa mtu upimwe kwa haraka kuliko bati?

Sasa tuzipime kesi zetu kwa Sheria hiyo hiyo inayotajwa. Tarehe 2 Juni 1966, katika juma la Pentekoste, mawaziri wanne wa zamani, mmoja wao Évariste Kimba aliyekuwa Waziri Mkuu, walinyongwa hadharani katika mji mkuu mbele ya umati mkubwa, baada ya kesi fupi mno ya kijeshi. Danieli hakupewa nafasi ya kuuliza. Mnamo Septemba 2024 korti ya kijeshi ya Kinshasa iliwahukumu watu 37 wafe, kwa ajili ya jaribio la kupindua Serikali la tarehe 19 Mei mwaka huo. Mnamo Aprili 2025 Wamarekani watatu kati yao walibadilishiwa hukumu, wakapewa kifungo cha maisha na kurudishwa kwao. Hatuwaonei kijicho kwa kupona kwao. Huruma ni jambo jema. Lakini sura ya 24 ya Mambo ya Walawi, pale pale panapotaja jicho kwa jicho, yaagiza sheria moja kwa mgeni na kwa mwenyeji.

Wengine watasema: "Magereza yetu hayana nguvu, mwuaji atatoroka." Ni kweli, mnamo Oktoba 2020 wafungwa zaidi ya 1,300 walitoroka gereza la Kangbayi, Beni. Na mnamo Septemba 2024, katika jaribio la kutoroka gereza la Makala, Kinshasa, walikufa watu 129 kwa hesabu ya Serikali. Gereza hilo lilijaa watu ambao wengi wao walikuwa bado hawajahukumiwa. Lakini jibu lake ni kutengeneza gereza na kuharakisha kesi. Mlinzi asiyeweza kufunga mlango vizuri, tutamwaminije kupima uhai wa watu? Mfungwa aliyekosewa hufunguliwa. Aliyeuawa hafufuliwi na korti yo yote.

Bwana wetu Yesu Kristu hakuivunja Sheria, bali aliitimiza. Alipoletewa mwanamke mzinzi, hakusema kwamba dhambi si kitu. Aliwageukia washitaki wenyewe, akawataka wajitazame kabla ya kuinua jiwe. Nao wakaondoka mmoja mmoja, wakianza wazee. Hata tangu mwanzo, Mungu aliyeisikia damu ya Abeli ikilia ndiye aliyemtia Kaini alama ili asiuawe. Kaini aliadhibiwa, lakini aliachwa hai. Kwa njia hiyo Mama Kanisa ametembea: mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba nafasi za kuhitaji adhabu hiyo ni haba sana, kama zipo, na mwaka 2018 Papa Fransisko aliirekebisha Katekisimu, namba 2267, ifundishe kwamba haikubaliki tena, kwa sababu hata mwovu hapotezi heshima yake ya utu, na kwa sababu jamii yaweza kulindwa bila kumnyima nafasi ya kutubu.

Ndugu wasomaji, wengi wetu hatutaketi kamwe kitini pa hakimu. Lakini umati unapomkamata mwizi, au mama mzee anaposingiziwa uchawi, kila mmoja wetu huwa hakimu, na jiwe liko karibu na mkono wake. Siku hiyo simama kama Danieli: uliza nani ameona, na mshitakiwa apelekwe mbele ya sheria akiwa hai. Ukiitwa shahidi, sema uliloliona kwa macho yako tu. Na waliofiwa msiwaache peke yao: watembeleeni, walimieni shamba, walipieni watoto wao karo. Wenye kilio wahitaji zaidi mikono yetu kuliko damu ya mtu mwingine.